Tulivyoifufua Meza ya Pool ya Hosteli

Masika iliyopita bomba la juu lilipasuka usiku, maji yakadondokea meza yetu ya pool hadi alfajiri. Wengine mlisema ni meza tu. Lakini kila mchezo ni shilingi 500, na hela hiyo ndiyo inayowakopesha wenzetu msosi bumu likichelewa. Mwaka wa kwanza jina langu liliandikwa mara mbili kwenye daftari la mikopo. Kwa hiyo kamati iliposema iuzwe kama kuni, nikaomba mwezi mmoja.

Kwanza tuielewe meza yenyewe. Juu kuna jiwe lililovikwa kitambaa. Chini kuna sanduku la mbao linalolibeba jiwe, na ndani yake mipira huteremka kwenye mifereji. Maji yaliingia kwenye tundu la kona yakatuama ndani ya sanduku, palepale mguu unapofungwa. Sanduku likilegea, jiwe linainama, na mpira unakwenda unakotaka wenyewe.

Kosa la kwanza nilifanya mimi. Kona ilikuwa imevimba kama andazi. Nikaipiga msasa ikiwa bado mbichi, nikajaza puti, nikapaka rangi, nikatupia picha kwenye grupu. Sifa nilipata. Wiki moja tu, puti ikapasuka na skrubu za mguu zikawa zinazunguka bila kushika.

Nikaenda Keko kwa fundi mmoja wa fanicha. Akaangalia picha, akacheka. "Kijana wangu, mgonjwa umempaka poda, hujamtibu."

Akanieleza kwamba sanduku letu ni chipbodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikilowa, chembe zinavimba na kuachana, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Plaiwudi ni tofauti: ni matabaka membamba yaliyopishanishwa nyuzi, hivyo hushikana zaidi. Kwa hiyo sehemu iliyovimba haitengenezwi. Inakatwa.

Tulianza kwa kutoa jiwe. Tulikuwa sita; usijaribu mkiwa wawili, mgongo hauna spea. Sanduku likakaa siku kumi kivulini penye upepo. Juani upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, ubao ukajikunja.

Kisha nikagonga kwa kidole, sentimita kwa sentimita. Panapolia butu pameachana. Panapolia kavu pazima. Tukakata hadi kufika pazima. Kiraka kikawa plaiwudi ya unene uleule. Hapa usikutanishe ncha kwa ncha. Chonga ngazi, nusu ya unene kila upande, vipande vilaliane na gundi ipate eneo kubwa la kushika. Kwa ndani tukaongeza kipande cha mninga, na boliti za mguu sasa zinauma humo.

Gundi nyeupe ya mbao haishiki bila kubanwa. Jiliwa hatukuwa nazo, tukazungusha kamba kwenye sanduku zima na kuisokota kwa kijiti mpaka gundi ikachungulia kwenye maungio. Kabla haijakauka, pima kutoka kona hadi kona, halafu kona mbili nyingine. Vipimo vikilingana, sanduku lina pembe sawa. Letu lilipishana milimita 8. Tukalisukuma hadi likakubali. Tukaliacha saa 24, na kuacha huko ndiko kulinishinda kuliko kukata.

Mwisho msasa namba 80, halafu 120, halafu 220, kisha rangi. Paka na kingo za chini na za ndani zisizoonekana, maana maji huingilia huko. Tukarudisha jiwe, tukaweka pimamaji juu yake kwa urefu na kwa upana, tukirekebisha miguu kidogo kidogo.

Gharama yote, pamoja na nauli za Keko, ilikuwa shilingi 85,000, na wiki tatu na ushee. Kiraka ukikitafuta utakiona, rangi haikufanana kabisa. Ila mpira ukiuacha katikati, unatulia.

Bumu la muhula huu limechelewa tena. Jana nilifungua daftari: majina manne, na wote walipewa.