CD ya Harusi Imegoma Kunakiliwa? Usiitupe Kwanza

Makabati mengi ya sebuleni bado yana CD za harusi, za kipaimara, za kwaya na za mahafali, zilizorekodiwa kabla kila simu haijawa kamera. Deki iliyokuwa ikizicheza ilishakufa, na mwenye nazo sasa anataka kuzihamishia kwenye flashi. Anaazima draivu, ananakili faili, kazi inakwenda vizuri hadi katikati, kisha kompyuta inasema haiwezi kusoma. Anarudia. Inakwama palepale. CD nyingi zisizo na ubaya wowote huishia jalalani namna hiyo.

Kosa la kusoma linaweza kutoka kwenye CD yenyewe, kwenye draivu, au kwenye namna kompyuta ilivyoombwa isome. Hilo la mwisho ndilo watu wasilolishuku, na kwa CD za harusi mimi ningeanza nalo.

Video nyingi za sherehe za miaka ile zilitengenezwa kwa mfumo wa VCD, uliotoka mwaka 1993. Ukiifungua CD ya aina hiyo utakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili kama AVSEQ01.DAT. Data ya CD hukaa katika vipande viitwavyo sekta, kila kimoja baiti 2,352. CD ya kawaida ya picha na nyaraka hutumia baiti 2,048 tu za kila sekta kuhifadhi faili zako. Nyingi kati ya zilizobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. VCD ilitaka nafasi zaidi, ikajaza video baiti 2,324 na kuuacha usahihishaji huo wa ziada, maana picha ikichafuka kwa nukta moja mtazamaji hapotezi kitu. Ndiyo maana doa ambalo CD ya nyaraka ingelivumilia linaweza kuikwamisha VCD. Kubwa zaidi ni kwamba kompyuta inayotarajia sekta za baiti 2,048 inaweza kukataa kabisa kunakili faili hiyo ya DAT, hata kama CD haina mkwaruzo hata mmoja. Watumiaji wa Linux hukutana na jambo hili sana: ujumbe unasema kosa la kusoma, na CD ni nzima.

Kupima ni rahisi. Fungua VLC, chagua kucheza diski badala ya faili, kisha uiangalie. Ikicheza hadi mwisho, tatizo si CD. Tumia programu inayojua kuchota sekta za VCD jinsi zilivyo: vcdxrip kwa Linux, IsoBuster kwa Windows.

Isipocheza, itoe uikague, na anza na upande wa maandishi. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, lakini mwanga wa leza hupita kwenye plastiki ya karibu milimita 1.2 kabla ya kuifikia data, na mkwaruzo mwepesi wa juu hauuzuii sana. Data yenyewe iko chini ya lebo, imefunikwa na varnishi nyembamba kuliko unywele. Kalamu ya bolipeni inaweza kuifikia. Stika iliyobanduliwa kwa nguvu huondoka na tabaka la kuakisi. Inua CD uelekee balbu: ukiona vitundu vinavyopenyeza mwanga, data ya hapo imekwenda na hakuna fundi wa kuirudisha. CD za kuchoma zina udhaifu mwingine, kwamba data yake imeandikwa kwenye rangi maalumu ambayo jua na joto huichosha. Iliyokaa miaka kwenye dashibodi ya gari usiitegemee sana.

Uchafu wa upande unaong'aa uoshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, kisha ufute kwa kitambaa laini kutoka kwenye tundu la kati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono. Data imejipanga kwa mzunguko, kuanzia ndani kwenda nje, na kanuni ya usahihishaji iliyomo katika kila CD inaweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 katika mstari wa data. Mkwaruzo unaoukata mstari hugusa kila mzunguko kidogo tu. Ule unaoufuata mstari huzidi uwezo huo mara moja. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani ni msasa mwembamba. Huenda ikasaidia, lakini iwe ya mwisho, baada ya kuokoa vyote vinavyookoleka.

Kisha badilisha draivu. Hatua hii watu huidharau, nami naiona bora kuliko kusugua kokote, kwani draivu hazilingani kwa macho: CD iliyokataliwa na moja husomwa na nyingine bila tabu. Punguza na kasi pia. Draivu ya 52x huzungusha CD takriban mara 10,000 kwa dakika. Kwa 4x au 8x leza hupata nafasi ya kufuata mstari.

Kwa CD ya data ya kawaida, acha kuburuta faili. Kunakili kwa kawaida hukwama kwenye sehemu mbovu ya kwanza, na sehemu nzima zilizo mbele yake haziguswi. GNU ddrescue huanza na zilizo rahisi, huandika kwenye faili ya ramani zipi zimegoma, na huzirudia baadaye:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 picha.iso picha.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 picha.iso picha.map

Uzuri wake uko kwenye ramani hiyo. Unaweza kuhamisha CD kwenye draivu nyingine, ukatoa amri ya pili kwa faili zilezile, nayo itatafuta mapengo tu. Orodha ya faili ikiwa imeharibika, PhotoRec huweza kuzichomoa picha ndani ya picha.iso. Video ya VCD usiitumie amri hizi, kwa sababu ya zile baiti 2,048.

CD za nyimbo nazo zina mtego wake: draivu ikikosa sauti hukisia na kuendelea kimya. Nakala "iliyofaulu" inaweza kuwa na mikwaruzo ya sauti. Tumia cdparanoia au Exact Audio Copy, zinazosoma tena mahali penye shaka.

Kompyuta ikisema CD ni tupu, geuza utazame. Sehemu iliyochomwa huonekana kama pete yenye kivuli tofauti. Pete ikiwepo, huenda aliyeichoma hakuifunga. Ijaribu kwenye draivu yenye uwezo wa kuchoma, kwa kutumia IsoBuster.

Yenye ufa unaoanzia kwenye tundu la kati usiiweke kabisa kwenye draivu. Kwa kasi ya mzunguko wa draivu inaweza kupasuka vipande. Nyingine zikishatoka, weka nakala mahali pawili tofauti, na usitupe CD hadi umeitazama nakala yote, kuanzia maharusi wanapoingia ukumbini hadi kamati inapotoa shukrani.