Mwanamke na Uhandisi: Kuingia Kazini Si Kudumu

Wako wengi wanaodhani kwamba mwanamke akishapokewa katika kazi ya uhandisi, basi mambo yamekwisha na kilichobaki ni kupiga vigelegele. Sivyo, ndugu msomaji. Kumwalika mgeni ni jambo moja; kumtandikia mkeka akae ni jambo jingine.

Habari za Bi. Mary Jackson wa Marekani zatufunza haya vizuri kuliko hotuba nyingi. Alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia, mtu mweusi katika nchi ambayo sheria za siku zile ziliwatenga weusi na weupe. Mwaka 1942 alihitimu katika chuo cha Hampton katika hesabu na sayansi, akawa mwalimu, kisha akafanya kazi za ukarani. Mwaka 1951 akaajiriwa Langley, mahali pa uchunguzi wa ndege ambapo baadaye pakawa chini ya NASA, idara ya Marekani ya mambo ya anga.

Tazama jinsi mlango ulivyofunguka. Mwaka 1941 Rais Roosevelt alitoa amri ya kukataza ubaguzi wa rangi katika viwanda vya kazi za vita. Vita vilihitaji watu, na mwaka 1943 Langley ikaanza kuwachukua wanawake weusi waliosoma hesabu, wakokotoe kwa mikono tarakimu ambazo leo hukokotolewa na kompyuta. Waliingia, naam, lakini walitengewa chumba chao na vyoo vyao.

Siku moja Bi. Mary alitumwa upande mwingine wa Langley, akafanye kazi pamoja na wanawake weupe. Alipowauliza choo kiko wapi, walicheka. Wao wangejuaje choo cha watu weusi? Alitoka pale amefura kwa hasira, akakutana na mhandisi mmoja mzungu, Kazimierz Czarnecki, akammwagia yote yaliyokuwa moyoni. Czarnecki hakumwambia avumilie, wala hakumpa pole za mdomoni. Alimwambia aje afanye kazi kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa katika bomba kubwa la kujaribia maumbo ya ndege, lenye mitambo ya nguvu za farasi 60,000, ambamo upepo ulivumishwa karibu mara mbili ya mwendo wa sauti. Czarnecki aliuona uwezo wake, akamshauri asomee uhandisi. Masomo hayo yalifundishwa katika skuli ya weupe watupu, ikambidi Bi. Mary aombe ruhusa ya wakuu wa mji ili aingie darasani. Akaomba, akapewa, akasoma, na mwaka 1958 akawa mhandisi mwanamke mweusi wa kwanza wa NASA.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, lakini funzo kubwa liko mbele. Aliendelea na uhandisi kwa miaka ishirini, akashiriki kuandika taarifa za kitaalamu, ila ngazi za uongozi hakufunguliwa. Mwaka 1979 alifanya ambalo wachache wangelifanya: aliacha cheo chake, akakubali kushushwa daraja, ili asimamie pale Langley mpango wa kuwaajiri wanawake na kuwapandisha vyeo. Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye aliinama kwa ajili ya waliomfuata nyuma. Alistaafu mwaka 1985, akafariki mwaka 2005, na mwaka 2020 NASA ikatangaza kuyaita kwa jina lake makao yake makuu mjini Washington.

Basi ni nini kilichomdumisha? Ni mkubwa wa kazi aliyesikia lalamiko akalitendea jambo, ni kazi yenye uzito, na ni elimu aliyofunguliwa akiwa kazini. Na ni nini kilichomkwamisha? Ni ngazi iliyokatwa juu. Jambo la choo huonekana dogo kwa yule asiyehangaika kukitafuta.

Huenda mtu akasema hayo ni ya Marekani, na kwamba mabinti wa Kiislamu hawana hamu na vyuma. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 yamjibu. Kati ya wanaohitimu uhandisi duniani, wanawake ni asilimia 28 tu. Lakini Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, ni asilimia 43.2; Tunisia ni 44.2, na Algeria 48.5. Hamu ipo na akili ipo. Swali ni kazi zitawapokeaje, na zitawaweka vipi.

Hapa Mombasa, chuo tulichokijua kwa jina la MIOME kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, mwaka ule ule Bi. Mary alioingia Langley. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Binti akitoka pale na shahada yake akaingia karakana, mkubwa wa kazi na ajiulize: je, ana mahali pa kujisitiri na pa kusali? Ana wa kumsikiliza? Ana ngazi ya kupanda? Akivikosa hivyo atakwenda zake, nasi tutakaa barazani tukisema kwamba wanawake hawadumu.