Kat-kat ya Jamaa: Nguvu ya Magurudumu 4 na Mpaka Wake



Katika miji yetu ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, jamaa ikifaulu kuweka pembeni franka kidogo, mara nyingi inawaza kununua motokari ya okazio. Na ile inayotamaniwa sana ni motokari ya kadiri, ya esanse, iliyo juu kidogo, yenye milango 5, ambayo wote wanaiita kat-kat. Baba anaipenda juu ya barabara mbaya. Mama anaipenda juu ya watoto na mizigo ya soko. Vijana wanaipenda juu ya sura yake. Hayo yote ni mazuri. Lakini tunasikia pia neno hili: "Si iko kat-kat? Pita tu, haiwezi kukwama!" Neno hilo ni la hatari, kwa mfuko na kwa uzima vilevile.

Kwa hiyo mwezi huu tufungue kapo, tuchungulie na chini ya motokari, tuone nguvu inapita wapi na mpaka wake ni upi. Tutachukua mfano wa motokari moja inayojulikana sana: Toyota RAV4.

Ilizaliwa namna gani?

Zamani, mtu aliyetaka magurudumu 4 yenye nguvu alinunua motokari ya kazi, kama vile Land Rover ao Land Cruiser. Hizo zinajengwa juu ya shasi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, na bodi inafungwa juu yake. Ni ngumu na zinabeba sana. Lakini ni nzito, zinakunywa mafuta mengi, na zinarusha watu katika mashimo.

Mwaka 1989, katika maonyesho ya motokari huko Tokyo, Toyota ilionyesha mfano wa motokari ndogo ya namna ingine. Mwezi wa Mei 1994 ikaanza kuuzwa Japani kwa jina la RAV4, na mwaka 1995 ikatoka ile ya milango 5. Mainjinia walichukua ujenzi wa motokari ya kawaida ya mjini wakauinua: bodi na shasi ni kitu kimoja, moteri imelala kwa upana mbele, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Moteri ilikuwa ya esanse, silinda 4, lita 2. Kutoka udongo mpaka tumbo la motokari kulikuwa karibu sentimeta 20. Wengine wakafuata njia ileile: Honda na CR-V yake mwaka 1995, Subaru na Forester mwaka 1997.

Basi, jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: motokari hii ni motokari ya mjini iliyopewa miguu 4 ya nguvu. Si kamio ndogo.

Nguvu inagawanywa namna gani?

Vijana, mmeona watu wanaopita kwa mstari siku ya defile. Mstari ukigeuka kwenye kona, yule wa ndani anapiga hatua fupi, na yule wa nje anapiga hatua ndefu. Kama wote wakipiga hatua sawasawa, mstari unavunjika. Magurudumu ni vilevile. Kwenye kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, na yale ya mbele yanatembea zaidi kuliko yale ya nyuma.

Juu ya hiyo, mainjinia wanaweka difransieli, ndiyo sanduku la meno ya chuma linaloruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti. RAV4 ya kwanza ilikuwa na tatu: moja mbele, moja nyuma, na moja katikati, kati ya mbele na nyuma. Kwa sababu ya ile ya katikati, iliweza kutembea na magurudumu 4 ya nguvu kila siku, hata kwa lami. Motokari nyingi za kazi hazina hiyo ya katikati. Ndiyo maana shofere wao anaambiwa asitie nguvu ya 4 kwa lami kavu, kwa maana vyuma vinajisokota na kuumia.

Lakini difransieli iko na uzaifu wake. Gurudumu moja likiingia katika tope laini, linazunguka bure, na mengine hayapati nguvu kupita ile ndogo ya lile linaloteleza. Motokari inabaki palepale, moteri inalia. Kwa kuzuia hiyo, RAV4 ya kwanza ya vitesi vya mkono iliwekewa kifungo cha kufunga difransieli ya katikati, ili mbele na nyuma vizunguke pamoja. Kizazi cha 2, kilichotoka mwaka 2000, kilipewa kopo lililozibwa, lenye visahani vingi vya chuma ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma vikitofautiana sana mwendo, mafuta yale yanapata moto na kubana visahani, na nguvu inapita upande usioteleza. Hakuna mtu anayegusa kitu.

Kizazi cha 3, cha mwisho wa mwaka 2005, kilibadili tena. Kwa barabara nzuri nguvu inaenda karibu yote mbele, ili esanse isipotee. Ordinatere ndogo inapima magurudumu, na ikiona yanateleza, inatuma nguvu nyuma, mpaka karibu nusu. Kuna kifungo cha kufunga, lakini kinaachilia chenyewe motokari ikipita kilometa 40 kwa saa.

Mpaka wake ni upi?

Wa kwanza: tope. Hata ukifunga katikati, kama gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yameteleza pamoja, unaweza kubaki. Tena motokari hii haina vitesi vidogo vya kupanda polepole na mzigo, kama vile Land Cruiser inavyo. Ukikwama, usikanyage esanse kwa hasira. Unachimba kaburi la magurudumu. Simama, chimba mbele ya mapine, weka majani ya miti na mawe, funga kifungo kama kiko, toka polepole.

Wa pili, ule mkubwa kuliko yote: freni. Nguvu ya magurudumu 4 inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama. Motokari yoyote iko na freni kwa magurudumu yote 4, hata ile inayovutwa na mawili tu. Kwa hiyo katika mvua kat-kat haisimami mbele ya wengine. Na hapa ndipo hatari ilipo: kwa kuwa inaondoka vizuri katika tope, shofere anasahau kwamba njia inateleza, anakimbia. Kwa kilometa 80 kwa saa, motokari inapita metre 22 kwa kila sekunde moja. Na ukitoka 40 kuenda 80, njia ya kusimamia kwa freni haiongezeki mara 2, inaongezeka mara 4. Ongeza kwamba motokari hii ni ya juu, na ukipakia magunia juu ya paa, kwenye kona inaweza kupinduka.

Wa tatu: volani. Motokari nyingi za okazio zinatoka Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia kwetu Kasumbalesa. Japani wanatembea upande wa kushoto, basi volani iko kuume. Sisi tunatembea upande wa kuume. Nyuma ya kamio ya madini, katika vumbi, shofere wa volani ya kuume haoni anayekuja mpaka motokari yake imetoka karibu yote. Mwenye kuona kwanza ni yule anayekaa kushoto, mara nyingi mama ao mtoto mkubwa. Usimpe mtoto kazi hiyo. Baki nyuma mbali, na kama hauoni, usipite. Kuchelewa hakuui mtu.

Mbele ya kulipa franka

Mwuzaji atasema, "Papa, hii njo ya nguvu, kat-kat ya kweli!" Sikia kwa heshima, kisha angalia mambo haya pamoja na fundi unayemwamini:

1. Inama, tazama chini. Si kila RAV4 iko kat-kat. Katika kizazi cha 2, ile ya moteri ya lita 1.8 ilivutwa na magurudumu ya mbele tu. Katika ile ya esanse yenye magurudumu 4 ya nguvu, utaona chuma kirefu cha mviringo kinachotoka mbele kuenda nyuma. Kama hakipo, mtu ameuza jina. (Ile inayotumia esanse na umeme pamoja ni jambo lingine, ya magurudumu 4 iko na moteri ya umeme nyuma, bila chuma hicho.)

2. Pima mapine yote 4. Yawe ya kipimo kimoja, na yameisha sawasawa. Mawili mapya na mawili mazee yanafanya mbele na nyuma visilingane siku zote, na lile kopo la silikoni linapata moto bila kupumzika mpaka linakufa. Anayenunua pine moja moja kwa kuponyesha franka, kesho atalipa zaidi.

3. Geuza volani mpaka mwisho, tembea polepole kwa lami kavu. Ikiwa motokari inakazana kama imeshikwa, ao kuna mlio wa kugonga-gonga mbele, kuna ugonjwa.

4. Ulizia ukanda wa moteri. Ile ya kwanza ya lita 2 iko na ukanda wa mpira wa kubadilishwa karibu kila kilometa 100,000. Ukikatika, moteri inazimika papo hapo, hata katikati ya pori. Ya esanse ya kizazi cha 2 iko na mnyororo.

5. Fungua filtri ya hewa. Vumbi la migodi yetu linaijaza upesi, na moteri isiyopumua inakunywa esanse. Mafuta ya difransieli ya nyuma pia yaangaliwe. Wengi wanayasahau kabisa.

6. Ikiharibika njiani, usikubali ivutwe mbali na magurudumu mawili juu na mawili chini. Yale ya chini yanazungusha vyuma vya katikati na kuviua. Yote 4 yapande juu ya kamio, ao yote 4 yabaki chini, na mwendo uwe wa pole.

Kazi ya jamaa yote

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Motokari ya jamaa si mali ya baba peke yake. Ni franka ya chakula na ya masomo iliyogeuka chuma. Ni vema jamaa iwe na kaye kadogo ndani ya motokari. Kijana anayejua kuandika aandike tarehe, kilometa, mafuta yaliyobadilishwa, pine zilizonunuliwa. Mama naye akisema "punguza mwendo", asijibiwe kwamba hii ni kat-kat. Magurudumu 4 yenye nguvu yatawatoa katika tope la Januari. Kufika nyumbani wote wazima, hiyo ni kazi ya mguu ulio juu ya freni.