Bando Lako Linaishia Ruvuma

Mtu wa Chunyu, huko Ruangwa, akienda Msumbiji kwa gari atatokea Masasi, apite Mangaka, ashuke Mtambaswala, kisha avuke mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja lililozinduliwa mwaka 2010. Ni njia ya wafanyabiashara na ya ndugu wanaotembeleana, na undugu huo ni wa zamani: wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walifunzwa Nachingwea. Daraja lina urefu wa mita 720. Kabla msafiri hajalimaliza, pengine hata kabla hajalikanyaga, simu yake huenda imeshahamia mtandao wa nchi nyingine. Juu ya kioo, pembeni ya vijiti vya mtandao, kwenye simu nyingi inatokea herufi R, ndogo sana. Wengi hawaioni. Wanakuja kuona salio limekwisha.

Hiyo R ni romingi: laini ya Tanzania inatumia minara ya kampuni ya ugenini. Mtandao wa Msumbiji husoma utambulisho wa laini, ukakuta tarakimu za mwanzo ni 640, alama ya Tanzania (yao ni 643), kisha ukaiuliza kampuni yako huku nyumbani: huyu ni wenu, mnamdhamini? Ikijibu ndiyo, unapewa huduma, na kila kilobaiti inaandikwa ili kampuni yako idaiwe. Ni kama mtoto anayekopa duka la ugenini kwa jina la baba. Mwenye duka hauzi kwa bei aliyoizoea baba. Kampuni mbili hukubaliana bei ya jumla, kisha yako inaweka faida yake juu. Bando ulilojiunga Ruangwa halimo katika mapatano hayo, labda kama limeandikwa wazi kuwa ni la romingi. Unaweza kuwa na GB 10 zimekaa tu huku vocha inaliwa.

Na jina lisikudanganye. Vodacom iko pande zote mbili za Ruvuma, lakini ya Tanzania na ya Msumbiji ni kampuni mbili, kila moja na leseni yake. Ukivuka, umekuwa mgeni.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme MB moja ya romingi inauzwa shilingi 500. Video ya harusi ya MB 15, iliyojipakua yenyewe kwenye kundi la WhatsApp kabla hujaigusa, ni shilingi 7,500. Bado simu haijahifadhi picha zako mtandaoni wala kusasisha programu, kazi inazozifanya kimyakimya ikiwa mfukoni. Nafuu yetu ni kwamba wengi tunalipia kabla, hivyo hasara hukomea kwenye salio. Anayelipia mwisho wa mwezi hukutana na bili baadaye.

Watetezi wa bei hizi husema safari ya data ni ndefu. Kweli, ukifungua ukurasa ukiwa Pemba ya Cabo Delgado, kwa kawaida data hurudi kwanza kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti, na ndiyo sababu mojawapo ya romingi kuwa nzito. Lakini mimi sioni kama umbali ndio unaopanga bei. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliwaondolea wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania gharama za romingi walipovuka mipaka ya nchi hizo. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa nyongeza ya romingi baina yao tarehe 15 Juni 2017. Minara haikusogezwa; walioketi mezani ndio waliokubaliana.

Mawimbi nayo hayajui mpaka. Ukiwa nyumbani Ruangwa au Nachingwea, mto uko mbali. Ukienda kuwasalimia ndugu kijiji cha kandokando ya Ruvuma, simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo hali umekaa barazani Tanzania. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ijichagulie.

Unapovuka, zima data ya romingi, lakini usiizime laini. Ujumbe mfupi unaoingia kwa kawaida hautozwi, na ndiko zinakopitia namba za uthibitisho za benki. Simu inayoingia ni jambo jingine: anayekupigia kutoka Chunyu hulipa kama anapiga ndani ya nchi, na kipande cha kutoka nyumbani hadi ulipo unakilipia wewe unayepokea. Kwa siku nyingi, nunua laini ya hukohuko, Movitel, Tmcel au Vodacom, usajiliwe kwa hati yako ya kusafiria, uitumie kwa intaneti. Simu ya laini mbili inatosha. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa, nayo itaendelea na namba yako ya Tanzania huku ikitumia data ya Msumbiji.