Dawati lisilo na Miguu: Kutambua Umri, Kazi na Jina la Samani ya Kale

Mara nyingi mfasiri hupewa orodha ya mali au maelezo ya vitu vya makumbusho ayatie katika Kiswahili, na humo akakuta chombo ambacho hajapata kukiona. Hapo huifungua kamusi, akatwaa neno la kwanza linalokaribiana na maelezo, akaendelea na kazi. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba kwa samani za kale njia hiyo haitoshi. Jina hufuata kazi ya chombo, na kazi haijulikani ila kwa kukichunguza chombo chenyewe. Tutatumia mfano mmoja unaowatatiza wengi: kisanduku kifupi cha mbao chenye kifuniko kilichoinama.

1. Sura ya chombo

Kisanduku hiki hutosha kuwekwa mbele ya mtu aliyeketi chini. Kifuniko chake kimeinama kuelekea kwa mtumiaji, na bawaba zake ziko upande wa juu. Chini ya kifuniko pana ukingo mwembamba uliojitokeza. Ndani mna vyumba vidogo vidogo, na pengine saraka. Hakina miguu, au kina vijiguu vifupi tu. Kwa sababu ya ufupi huo wako wanaodai kuwa ni dawati la mtoto wa shule. Wengine husema ni marfaa. Wengine, kasha la fedha.

2. Kutambua kazi

Njia iliyo bora ni kuyapima madai hayo moja moja. Marfaa ni kiegemeo cha msahafu. Kwa desturi huchongwa katika ubao mmoja uliopasuliwa na kukatwa meno yanayoshikana, hata ukafunguka mfano wa herufi X bila msumari wala bawaba. Haina mahali pa kuhifadhia kitu. Kwa hiyo chombo chetu si marfaa. Kasha nalo ni la kuwekea nguo na mali, na kifuniko chake ni bapa, kwani huwekewa vitu vingine juu yake. Kifuniko kilichoinama hakifai kwa kazi hiyo. Dawati la mtoto wa shule nalo huenda pamoja na benchi au kiti, na kimo chake hupimwa kwa kiti hicho. Chombo chetu ni kifupi mno kwa mtu yeyote aliyeketi kitini, awe mtoto au mtu mzima.

Basi ufupi wake hautokani na umri wa mtumiaji bali na mkao wake. Makarani na wenye maduka, katika Bara Hindi na katika miji ya biashara ya pwani yetu, waliketi juu ya mkeka au jamvi, na kisanduku kikawa mbele yao. Daftari liliwekwa juu ya kifuniko, na ule ukingo wa chini ukalizuia lisiteleze. Wino, kalamu na fedha vilikaa ndani. Madoa ya wino katika vyumba vya ndani, kitasa, na kuchakaa kwa ukingo pale mkono ulipoegemea ndio ushahidi wa kutafutwa. Kazi yake, kwa hiyo, ni mbili kwa pamoja: kuandikia na kuhifadhia.

3. Kutambua umri

Katika umri tufuate kanuni hii: chombo hakiwezi kuwa cha kale kuliko sehemu yake ya asili iliyo mpya kupita zote. Tuanze na parafujo. Zile za zamani zilikuwa butu nchani. Zenye ncha kali zilienea tangu kati ya karne ya 19, na zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kutumika katika miaka ya 1930. Misumari ya waya, iliyo mviringo na sawasawa, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Msumeno wa mviringo huacha mikwaruzo iliyopinda kama upinde, ilhali msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka.

Lakini tahadhari mbili zahitajiwa. Kwanza, kitu kipya huthibitisha upya, bali kitu cha kale hakithibitishi ukale. Wahunzi wa pwani waliendelea kufua misumari ya majahazi muda mrefu baada ya misumari ya viwandani kufika. Na ubao wa zamani waweza kutumiwa katika kazi mpya. Pili, bawaba na vitasa hubadilishwa. Matundu matupu yaliyozibwa kando ya bawaba huonyesha kwamba bawaba iliyopo si ya asili, na haifai kuhesabiwa.

Aina ya mti nayo isaidie, isiamue. Msaji ni mti wa Bara Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki, na samani nyingi za pwani zililetwa kutoka huko zikiwa tayari. Hata hivyo, misaji ilianza kupandwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani. Hivyo mbao za msaji peke yake hazitoshi kuwa ushahidi wa kwamba chombo kilivuka bahari.

4. Kutambua jina

Neno linalokifaa zaidi chombo hiki ni *dawati*. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kidau cha wino. Kutoka kwenye kidau maana ilipanuka hadi kisanduku cha vifaa vya kuandikia, kisha hadi meza ya kuandikia. Leo msomaji asikiapo *dawati* huona samani ya darasani. Neno limebaki, kitu kimebadilika.

Isitoshe, asili ya jina si asili ya kitu. Neno *meza* limetoka katika Kireno, lakini haifuati kwamba kila meza ya kale ilitengenezwa na Wareno. Mfasiri asiitumie etimolojia kama cheti cha kuzaliwa cha chombo.

5. Athari kwa kazi za ofisi

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu kwa kufuata tarehe pia: vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 ni vya kuhifadhiwa, na milango iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki ina mpaka wake wa mwaka 1940. Ofisa anayeletewa ombi la kusafirisha nje "dawati moja kuukuu" ataona samani ya shule iliyochoka, naye hatakuwa na sababu ya kulichunguza. Neno moja lisilofafanuliwa laweza kukitoa nchini kitu kisichorudi.

6. Mapendekezo

Tunapendekeza kwamba katika orodha na tafsiri chombo hiki kiitwe *dawati la mkekani*, na neno *dawati* peke yake liachiwe lile lenye miguu. Kila ingizo litaje mambo manne kwa utaratibu huu: jina, kazi, mti na viungo vyake, na ushahidi wa umri. Mwandishi aandike "parafujo za asili, butu nchani", wala asiandike "la kale sana" tu. Vilevile sehemu za samani zitajwe kwa majina yake. Kitanda kina *matendegu*, *mifumbati* na *vitakizo*. Anayeandika "miguu na mbao za pembeni" anayaacha maneno ambayo lugha imekwisha kuyatoa, na anamnyima msomaji njia ya kujua ni ubao upi uliobadilishwa.