Je, Wajua? Skani si mwisho wa mkanda

Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyefariki 2009, alipiga picha za mitaani kwa miongo kadhaa, nyingi kwa kamera ya Rolleiflex, ile inayoshikwa kifuani na kutazamwa kwa juu. Kila mkanda ulitoa picha 12 tu, za mraba (basi hesabu mwenyewe subira yake). Aliacha negativu zaidi ya 100,000 na mikanda mingi ambayo haikuwahi kusafishwa. Umaarufu ulimjia baada ya shehena yake kupigwa mnada 2007, na negativu zikaskaniwa.

Wapo watakaouliza: kama mwisho wa mkanda ni faili la kompyuta, kwa nini kamera ya leo isiwe ya dijitali tangu mwanzo? Kwa gharama, hoja hiyo ina uzito. Lakini skani ni usomaji mmoja tu wa negativu; ikitoka hafifu, au diski ikiharibika, kipande kilekile hurudishwa kwenye skana iliyo bora. Faili lililopotea bila nakala halina pa kurudiwa. Ni kweli filamu nayo huliwa na joto, unyevu na kuvu. Hata hivyo, mikanda ya Maier ilikaa masandukuni miaka na miaka, na iliposafishwa bado ilitoa sura za watu.