Goti Linauma? Pima Baiskeli Kabla Hujaiuza

Leo tuweke pembeni mbolea na chanjo, tuongee kuhusu baiskeli.

Wengi wenu hapa Mapinga, Kerege mpaka Zinga mnapeleka mayai na mboga kwa wateja kwa baiskeli. Hainywi mafuta, faida inabaki mfukoni. Ila nikitembelea mabanda nasikia malalamiko yale yale: goti, kiuno, ganzi ya mikono.

Kijana mmoja wa Kiharaka, mfugaji wa kuku wa mayai, aliniambia anauza kuku 50 apate kianzio cha pikipiki ya mkopo.

"Bwana shamba, goti limegoma. Nikipeleka trei kumi Bunju, nikirudi siwezi hata kuchuchumaa bandani."

Trei kumi ni mayai 300, kama kilo 18 hivi. Nikamwambia, hebu panda nikuone. Kumbe siti kaishusha mpaka mwisho, ili akisimama na mzigo miguu yote ifike chini! Goti lililokunjwa sana huku linasukuma mzigo hukandamiza pia ya goti, tena kila mzunguko wa pedeli.

Ukinunua mpini wa jembe unaupima na kimo chako, maana unajua mpini mfupi utakachokifanya kiunoni jioni. Baiskeli nayo ni hivyo hivyo. Pima mambo manne kabla hujatoa hela:

1. Fremu. Simama ukiwa umelipitisha bomba la juu katikati ya miguu, nyayo zote chini, na viatu unavyovaa kila siku. Kati ya bomba na msamba ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Phoenix ya tairi 28 ni ndefu, kama wewe ni mfupi usiilazimishe. Mtumba wa Japani wenye bomba lililoshuka wengine wanauita wa kike. Wewe usione aibu. Ukiwa na mzigo nyuma, kushuka ni rahisi zaidi.

2. Urefu wa siti. Mwenzako ashike usukani, wewe kaa. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Ukiendesha sasa, kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi maana yake siti iko chini, ya nyuma ya goti siti iko juu. Usivushe alama ya mwisho kwenye bomba la siti, linaweza kukatika ukiwa njiani.

3. Siti yenyewe. Pedeli zikiwa usawa mmoja, goti la mbele likae juu ya ekseli ya pedeli. Kama haliko hapo, sogeza siti mbele au nyuma. Pua ya siti isiiname. Ikiinama unateleza mbele, uzito unahamia mikononi, ganzi inaanza.

4. Usukani. Viwiko vikunjike kidogo. Kama unanyoosha mikono kama unavuta ndoo kisimani, usukani uko mbali, na mgongo utalipa.

Sasa, siti ikipanda utasimamaje na mzigo? Ukifunga breki, teremka mbele ya siti usimame na bomba katikati ya miguu. Ndiyo maana ile nafasi ya vidole ni muhimu. Mzigo nao ugawe, usirundike wote juu ya keria. Mzigo wa juu unayumbisha.

Yule kijana tulipandisha siti kwa spana, kidogo leo, kidogo baada ya siku chache, mwili uzoee. Goti halikupona siku ile. Lakini baada ya wiki tatu nilimkuta amechuchumaa anaokota mayai. Kuku wote 50 wapo.

Angalizo: kama goti limevimba, au linauma hata ukiwa umelala, hilo si la fundi baiskeli. Nenda kituo cha afya.

Pikipiki inunue siku biashara itakapoihitaji. Usiinunue kwa sababu ya siti iliyokaa vibaya. Kesho asubuhi kabla hujafunga mzigo, weka kisigino kwenye pedeli uone.

Tukutane shambani.